Tairi za Kubebea Keki

Mama,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio, kwa sababu sijui kama ni dhambi au ni ugonjwa tu. Tangu tulipokuzika nimekuwa nikiingiza uso ndani ya tairi zako. Unakumbuka tulivyozipanga chumbani kwangu, moja juu ya nyingine, zote nne, kati ya kitanda na dirisha. Nikipiga magoti, ile ya juu inanifika kifuani. Nilikuwa nainama, nafunga macho, navuta ile harufu ya mpira mpya hadi koo linawasha, halafu nalia humo. Sauti ikiingia kwenye tairi haitoki. Shangazi Imelda, aliyekuja kukaa nasi baada ya mazishi, analala chumba cha pili na anasikia hadi panya akikohoa, lakini hakunisikia hata mara moja.

Watu walisema mtoto wa marehemu hakulia. Walisema ni kwa sababu ya vitabu, kwamba vitabu vinakausha moyo. Nililia, Mama. Nililia mahali ambapo hawakufikiria kuangalia.

Nakuandikia kwenye meza ya jikoni, upande wako, pale penye alama ya sufuria ya moto. Tairi hazipo tena chumbani. Nataka usikie kutoka kwangu zilikokwenda kabla hujasikia kwa mtu mwingine. Najua huwezi kusikia kwa mtu mwingine. Ila nimezoea kuwahi kukuambia mambo mwenyewe, na bado sijajua namna ya kuacha.

Nianze na keki ya harusi ya yule mwalimu wa Mbinga, kwa sababu kila kitu kilianzia pale. Ilikuwa mvua za kwanza zimeshanyesha na jua limerudi. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma nimepakata ngazi ya juu ya keki kama mtoto mchanga, na zile mbili kubwa ziko kwenye sanduku pembeni yangu. Gari lako dogo lilikuwa limevaa tairi za mtumba, kila moja na kabila lake, na kwenye kona zilipiga mluzi. Kila kona ulisema, "Shika, Sista." Wewe peke yako uliniita Sista. Wengine waliniita Editha, na wale wa darasani waliniita Maktaba.

Halafu ile kona ya kupanda. Tairi za nyuma ziliteleza kidogo tu, kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi akajikamata, na keki ya kati ikahama kwenye ubao wake ikagonga ukuta wa sanduku. Niliona krimu ikimeguka. Nilitaka kukuambia pole, kukuambia nilishika kwa nguvu zangu zote, nikaishia kuikumbatia ngazi ya juu. Ulisimamisha gari, ukafungua mlango, ukaitazama keki, kisha ukatazama ng'ambo ya mtaro. Shamba la kahawa lilikuwa limechanua lote, jeupe, na harufu yake ilikuwa imejaa barabara nzima. Ulimwamkia mama mwenye shamba kwa Kimatengo chako kibovu, akacheka hadi akakaa chini, akakukatia tawi zima. Ukaziba lile pengo kwa krimu ya akiba na maua ya kahawa, pale pale juu ya boneti, huku malori yakitupita.

Ukumbini waliuliza mapambo yale uliyaagiza Dar es Salaam kwa nani. Uliwajibu kwa uso mkavu kabisa kwamba ni siri ya kazi. Lakini tulipokuwa tunarudi hukuimba. Tulipoiona Songea ukasema, "Maua hayatachanua kila harusi, Sista. Nataka gari linaloshika barabara."

Basi ukaanza kutazama tairi za watu kama wengine wanavyotazama viatu. Baada ya misa, wenzako wakisalimiana, wewe ulikuwa umeinama nyuma ya gari la mtu, unapapasa mistari ya tairi yake kwa kidole. Baba alikuwa akitembeza baiskeli yake pembeni kama hakujui. "Mama Editha, watu watadhani umeangusha sadaka," alikuambia siku moja. Ukamwambia wakidhani hivyo watakusaidia kutafuta.

Mwishowe ukazijua unazozitaka. Siyo tairi za kawaida. Ulitaka zile za mwendo, wanazovaa vijana wenye magari ya kelele: mpira laini unaong'ang'ania lami kavu yenye joto, ubavu mfupi ili gari lisiyumbe kwenye kona, na mshale pembeni unaoonyesha zinakotakiwa kuzungukia. Ulikariri kipimo chake ukawa unakiimba kama zaburi ya misa: mia na themanini na tano, hamsini na tano, kumi na tano. Mimi niliitikia. Baba alisema nyumba hii imeingiwa na wazimu, huku yeye mwenyewe akiitikia kwa sauti ya besi.

Kule Bombambili, Fundi Issa wa tairi alikutazama, akalitazama gari, akakutazama tena. "Mama Editha, unashindana mbio na nani?"

"Nashindana na keki, fundi."

Alicheka, lakini alikuambia ukweli wote, na mimi nilikuwepo. Alisema hizi ni tairi za kiangazi na za lami. Kwenye matope zitakuaibisha. Na ubavu wake ni mfupi, kwa hiyo kila jiwe litakalogonga tairi utalisikia kwenye meno. Ulisema matope utayakwepa, utazifunga mvua zikikatika, na harusi zenyewe huwa baada ya mavuno. Kuhusu mawe hukusema kitu. Nadhani hukumsikia vizuri, ulikuwa tayari umeanza kukata kona za Mbinga kichwani mwako.

Zilipofika ilikuwa katikati ya masika. Tulizitoa garini mvua ikipiga, wewe unaviringisha mbili, mimi moja moja, tumelowa hadi ndani. Stoo inavuja, kwa hiyo ukasema zilale kwangu. Ulipoweka ya nne juu ukaipigapiga kama mtu anayemtuliza mbuzi, ukaniambia, "Zilinde, zisiote kutu."

Nikakujibu, "Mama, mpira hauoti kutu."

Nilijibu hivyo kwa dhati kabisa, kama niko mbele ya mwalimu wa kemia. Ulicheka, Mama. Ulicheka hadi ukashika mlango, maji yanakudondoka kwenye nywele, unasema, "Jamani, mtoto huyu." Mimi nilisimama tu. Niligundua kwamba ni utani baadaye sana, nikiwa kitandani, nikatabasamu peke yangu gizani, nikasema kesho nitakuambia kwamba nimeelewa.

Asubuhi ulisema kichwa kinakuuma na macho yanaona ukungu. Baba alikimbia kutafuta bodaboda, halafu akakumbuka kwamba gari lipo mlangoni, halafu akakumbuka kwamba yeye hajui kuendesha. Alisimama pale uani na funguo mkononi. Sitausahau uso wake. Jirani ndiye aliyeendesha. Presha, walisema hospitali. Walisema ilikuwa ya siku nyingi, na wewe hukusema. Ulilala siku chache tu, na siku zote hizo hukuamka vizuri kiasi cha mimi kukuambia kwamba nimeuelewa utani.

Nimeuelewa, Mama. Basi nimekuambia.

Siku ya arobaini yako, baada ya misa, ndugu walikaa uani chini ya turubai. Vitu vyako vilitandazwa kwenye mkeka: vitenge, viatu vya kanisani, mashine ya kukorogea, sufuria za keki kubwa kwa ndogo, rozari yako ya mbao. Kuvitazama vikiwa vimelala pale juani, kila mtu akiviona… siwezi kuendelea na hilo. Gari walishakubaliana liende kwa Mjomba Kosmas, mdogo wako, kwa sababu ndiye anayejua kuendesha, na Baba alisema hawezi kuliona limesimama mlangoni kila asubuhi.

Kwa utaratibu wa ukoo wenu, unavyoujua, mtoto wa marehemu ndiye anayeanza. Anataja kitu kimoja, na akishataja hapingwi. Mzee wa ukoo aliniita nisimame. Unajua mimi na kusimama mbele ya watu. Wote walikuwa wanaitazama rozari, Shangazi alishaisogeza karibu kidogo ili nisihangaike.

Nikasema, "Tairi."

Mzee akainamisha sikio. Nikasema tena, zile tairi mpya zilizo chumbani. Zote nne. Mtu mmoja kwa nyuma akauliza tangu lini vitu vinne vikawa kitu kimoja, na watu wakacheka. Shangazi Imelda alicheka kwa kuficha mdomo na kanga, lakini mabega yalimsaliti. Nilitamani ardhi inimeze na turubai lake. Baba akasema, bila kuinua macho, "Ni kitu kimoja. Gari haliendi na moja."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Rozari akaichukua Baba.

Hakuna aliyeniuliza ninazitakia nini. Ningejibu nini? Kwamba hicho ndicho kitu cha mwisho ulichokishika ukiwa unacheka. Kwamba vitenge vyako vilikuwa vimeshafuliwa na wanawake wa jumuiya, kwa wema wao, vyote, na vinanuka sabuni.

Mjomba akaondoka na gari likiwa na tairi zake za kabila mchanganyiko. Baada ya muda alianza kupita. Anakuja, anakunywa chai, anasimama kwenye mlango wa chumba changu. "Mjomba, hizi tairi humu ndani zinafanya nini? Zinasoma kidato cha tatu?" Safari ya pili akaniambia kwa upole kwamba za nyuma kwenye gari zimeshakuwa kipara, na mimi nikatazama kitabu changu mpaka akaondoka. Usimlaumu. Hakuomba bure, alikuwa tayari kununua. Mimi ndiye niliyeona kwamba akizigusa, wewe utakuwa umekufa mara ya pili.

Halafu, Mama, harufu ikaanza kuondoka.

Sikuamini mwanzoni. Nilidhani ni mafua, maana Juni Songea ni baridi na darasa zima tulikuwa tunapiga chafya. Niliingiza uso, nikavuta, nikapata vumbi. Nikaitoa ya juu nikajaribu ya pili. Nikajaribu ya chini kabisa. Kulikuwa na kidogo humo, kwa mbali, kama mtu anayeongea nyumba ya tatu. Nilizifunika na blanketi. Shangazi akaniuliza kama tairi zinasikia baridi, nikasema ndiyo, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

Siku moja baada ya shule nikaenda Bombambili. Nilizunguka kile kibanda cha Fundi Issa mara kadhaa kabla ya kuingia. Nikamwamkia, nikamuuliza mtu anayetaka tairi zibaki mpya afanye nini. Alikuwa anaziba pancha ya bajaji, hakuinua kichwa. Akauliza ni zile za mama wa keki? Nikasema ndiyo. Akamaliza kuziba, akapangusa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hakuna namna, mwanangu," aliniambia. "Ukiziweka ndani miaka, zitakauka na kupasuka ubavuni hata barabara hazijaiona. Mama yako hakununua pambo."

Nilirudi nyumbani Ruhuwiko kwa miguu. Nilimchukia njia nzima.

Ndipo ikaja habari ya harusi ya Dada Veronika. Mtoto wako wa ubatizo anaolewa, Mama. Ulimwahidi tangu akiwa darasa la saba, jikoni hapa, kwamba keki yake utaibeba mwenyewe hadi mlangoni kwao. Mama yake alipiga simu akasema tusihangaike, watapata keki pale Mbinga mjini, msiba wenyewe bado mbichi. Shangazi alikuwa anamshukuru, anakata simu. Mimi nikasema, "Nitaoka mimi." Nilisema kwa sauti ndogo, kisha nikalazimika kurudia, ambavyo ni vibaya zaidi.

Keki ya kwanza ilididimia katikati kama godoro la zamani. Shangazi na Baba waliila kwa chai wiki nzima bila kulalamika. Nilijua kosa liko wapi. Wewe hukuwahi kutumia saa kupiga mayai na sukari, ulitumia rozari: mafungu mawili ya Salamu Maria polepole, ukiwa umeshika mashine mkono mmoja na shanga mkono wa pili. Mimi nilipiga kwa saa ya ukutani, na haikuwa kitu kile kile. Nikamwambia Baba. Alileta kigoda, akakaa pale karibu na oveni na rozari yako, akaanza kusali kwa sauti, na mimi nikaanza kupiga.

Fungu la kwanza lilikwenda vizuri. Katika la pili alifika kwenye "sasa na saa ya kufa kwetu", sauti ikamkatika. Akajaribu tena, ikakatika hapo hapo. Sikugeuka. Niliendelea kupiga, nikawa namsalia kichwani yeye na mayai, na mpaka leo sijui nilipiga muda gani. Keki ilipanda, Mama. Ilipanda hadi ukingoni na haikushuka.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, nilimpigia Mjomba simu nikamwambia alete gari. Nikazitoa tairi chumbani mwenyewe, moja moja. Nilipobaki na ya mwisho niliinama mara moja tena, haraka, kama mtu anayebusu msalaba kwenye foleni wengine wakimsubiri. Kulikuwa na kidogo. Nikaivuta yote.

Kwa Fundi Issa walijaa wanaume, wenye bodaboda na wenye magari yao, wakataka kujua ni nani anavalisha gari la keki viatu vya mbio. Mjomba akawaambia ni mimi. Nilikaa kwenye tairi bovu nikatazama chini. Lakini nilikuwa nimeusoma ubavu wa tairi zile miezi yote hiyo, kila neno, kila herufi ndogo, kama mtu asiye na kitabu kingine. Kwa hiyo nilipoona mshale wa tairi ya nyuma kushoto umeelekea nyuma, nilijua. Nilisubiri mtu mwingine aone. Hawakuona, walikuwa wanataniana. Nikasimama, nikasema, "Fundi, shikamoo, ile imefungwa kinyume." Sijui kwa nini nilimwamkia mara ya pili. Akatazama, akasonya kwa kujisonya mwenyewe, akaivua akaifunga upya. Hakuna aliyecheka. Nilitaka ujue hilo.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na ubaridi, tukasubiri jua lipate nguvu ndipo tuondoke, maana nilimkumbusha Mjomba kwamba zinataka lami yenye joto. Nilikaa nyuma. Ngazi ya juu mapajani, mbili sandukuni. Mjomba aliendesha kama amebeba mayai mabichi mpaka tukafika kwenye kona, halafu akaanza kuamini. Mama, hazikupiga mluzi. Gari lilikuwa linainama kidogo na kwenda tu, limeganda barabarani kama kupe, na keki haikusogea hata unene wa unywele. Kila kona nilijiambia kimoyomoyo, "Shika, Sista," na kila kona sikuwa na cha kushika. Kilichokuwa kinatakiwa kushika kilikuwa kinashika.

Tulipita ile kona yetu. Hakukuwa na ua hata moja, ni msimu wa kuvuna, kahawa ni nyekundu na watu wako shambani na vikapu. Mjomba alizima redio. Baadaye sana akasema, kama anaongea na usukani, "Dada alikuwa anajua anachokitafuta." Kwenye kioo niliona anapangusa macho kwa mgongo wa mkono, nikatazama dirishani ili asijue nimeona.

Ulikuwa sahihi kuhusu kona zote. Natamani ungeishia hapo.

Kwa kina Veronika lami haifiki. Unaiacha barabara kubwa unaingia njia ya mawe na vumbi, na ndipo nilipoelewa kile Fundi Issa alichokuambia na wewe hukukisikia. Zile tairi hazina mahali pa kumezea jiwe. Pigo la kwanza nililisikia kwenye meno kweli. La pili, nikasikia kitu kidogo sandukuni, mlio kama wa ganda la yai. Nikafunua. Krimu ya ngazi ya chini ilikuwa imepata ufa, mwembamba, kutoka ukingoni kuingia ndani. Sikuwa na maua. Nikafikiri, basi, nimezitoa tairi zako chumbani, nimezitoa kwa ajili hii, na zenyewe ndizo zitakazoivunja keki nikiwa nazisikia.

"Mjomba, simama."

Alisema tumebakiza mwendo mdogo, atakwenda polepole. Nikamwambia asimame. Nadhani nilikuwa na sauti yako, kwa sababu alisimama hapo hapo, katikati ya njia.

Nikashuka. Nikafunga kitenge kiunoni, kile chako cha bluu chenye ndege kilichobaki nyumbani, nikakunja kanga nikatengeneza kata, nikamwambia anitwishe ile ya chini, kubwa kuliko zote, na ubao wake. Akaniuliza kama nitaweza. Nikamwambia sijui. Nikaanza kutembea. Shingo ilikuwa inauma, macho nimeyatupa mbele, sioni miguu yangu, nasikia tu mawe chini ya viatu na gari likinifuata taratibu nyuma, taa zinawaka mchana, Mjomba akichagua kila jiwe la kukwepa kwa ajili ya zile mbili zilizobaki.

Wanawake wa nyumba ile walikuwa wamesikia gari, wakashuka kutupokea. Mbele yao alikuwa bibi yake Veronika, yule asiyeona vizuri. Alisimama. Akaweka mkono juu ya macho, akasema kwa furaha kabisa, "Si niliwaambia? Mama wa keki amekuja mwenyewe."

Wanawake wakatazamana. Sikuweza kugeuza kichwa, sikuweza kufuta machozi, mikono yote iko juu imeshika ubao. Yakashuka tu yenyewe hadi kwenye kidevu, mbele ya watu wote, mchana kweupe, bila tairi ya kuyafichia. Mama yake Veronika akamwambia bibi kitu sikioni. Bibi akasema, "Ooh." Kisha akaja akanishika kiwiko, akatembea na mimi hadi mlangoni. Wengine wakachukua ngazi zile nyingine wakafuata. Hawakupiga vigelegele mpaka tulipofika. Tulipofika wakapiga.

Ule ufa niliugeuzia ukutani. Veronika aliuona. Alisema keki imekuja na miguu, ina haki ya kuchoka.

Leo Jumapili tulipokuwa tunarudi, Mjomba alipita Bombambili bila kuniuliza. Akasimama kwa Fundi Issa, akaniambia tairi ni zangu, nilizitaja mbele ya ukoo na hapingi, kama nataka zivuliwe atazivua sasa hivi na kurudisha zile za zamani. Fundi alikuwa ameshashika spana. Nilishuka nikaziangalia. Zilikuwa na vumbi jekundu, na zile nywele ndogo za mpira mpya zilikuwa zimesuguliwa zote. Niliinama karibu, kama wewe baada ya misa. Hazinuki wewe tena. Zinanuka barabara.

Nikamwambia aziache.

Mama, nakuaga. Siyo kwa sababu nimepona, maana nimekulilia hata katikati ya ukurasa huu, utaona wino ulivyofanya. Nakuaga kwa sababu siku ile hospitali waliniambia nitoke nje kidogo, na niliporudi ulikuwa umeshaondoka, na tangu hapo hakuna aliyenipa nafasi. Nakuahidi hivi. Mvua zikianza nitamkumbusha Mjomba azivue hizo tairi na kuvaa za kawaida, na zikikatika azirudishe. Njia ya mawe nitashuka kila mara. Mayai nitapiga kwa rozari, na Baba atasali mpaka siku atakapolimaliza fungu la pili. Nitasoma. Na mtu akinitania nitajaribu kucheka hapo hapo.

Nilipoandika hayo niliweka kalamu chini nikaenda chumbani. Nilifagia pale zilipokuwa. Kuna duara jeusi kwenye sakafu, nikaleta maji, sabuni na brashi, nikasugua mara moja, halikutoka, nikaacha. Nikaburuta meza yangu ya kusomea nikaiweka juu yake, karibu na dirisha, palipo na mwanga. Shangazi aliuliza kelele gani hiyo, nikamwambia nahamisha meza. Kisha nikakaa nikafungua daftari la baiolojia, kwa sababu kesho tuna mtihani.

Ni mimi,
Sista